Farasi Hana Pembe

Saa kumi na mbili na nusu, ukungu bado umelala bondeni,
nakaza mkanda wa tandiko chini ya tumbo la Bihogo.
Anajaza pumzi makusudi, mjanja huyu.
Nangoja aishiwe, nakaza tena, matundu mawili.

Mgeni wa leo ni Bi Nantongo, mhasibu kutoka Kampala.
Kofia ngumu imemkaa upande kama sufuria.
Anauliza kama farasi anang'ata.
Mahindi tu, namwambia,
na siku za mvua, bega langu.

Bibi yangu, kule Sanga, hajaridhika hadi leo:
"Utamsifuje mnyama asiye na pembe?
Humkami, humchinji, humtolei mahari,
kazi kumwogesha kama mwana wa mfalme!"
Ndiyo maana nikampa jina la ng'ombe,
Bihogo, wekundu wa kichuguu kilichonyeshewa,
ili walau aingie ukoo kwa mlango wa rangi.

Kabla ya kushuka nasoma sheria kama sala:
visigino chini, mgongo wima,
hatamu uishike kama umeshika kifaranga,
usipaze sauti, na kamwe
usimwache farasi ale, lijamu likiwa mdomoni.

Pundamilia wanainua vichwa, wanatuhesabu.
Hawakimbii.
Kwao kila mmoja wetu ni mnyama wa vichwa viwili,
jasho la farasi limefunika harufu ya mtu.
Pofu dume anatafuna, ngozi ya shingo
inaning'inia kama mkoba wa mwalimu mstaafu.
"Wanatuona?" ananong'ona Bi Nantongo.
Wanakuona, ila hawajui kuwa ni wewe.
Anacheka kidogo. Simu anaitia mfukoni, haitoi tena.

Kando ya migunga mitatu kuna duara la majani mabichi,
mabichi hata mwezi wa saba, bonde zima likiwa kahawia.
Swala hupenda kulala hapo.
Wageni wote huuliza, nami jibu nimelikariri:
"Udongo wa hapa una rutuba."

Rutuba ya nani, sisemi.
Sisemi samadi ya ng'ombe mia na ishirini, miaka arobaini,
wala moshi wa kila jioni wa kufukuza mbu,
wala kitovu cha baba, kilichozikwa upande wa lango.
Siku ya kuhamishwa bibi alibeba vibuyu vyote vya maziwa
akasahau gogo la kufungia zizi.
Aliporudi kulichukua aliambiwa, kwa adabu kabisa,
mama, hii sasa ni hifadhi.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Basi nami nimepona, kwa namna yangu:
bila mgeni sina kibali cha kuvuka geti,
akija mgeni naingia kwetu kwa mshahara,
saa mbili, kitambulisho shingoni.

Leo Bihogo amesimama katikati ya duara.
Hasikii kisigino, hasikii jina.
Anainamisha kichwa, anang'oa, anatafuna,
chuma kinagonga meno, povu la kijani linachuruzika.
Sheria naijua, nimeisoma mwenyewe asubuhi hii.
Namwachia hatamu.

"Mbona tumesimama?"
Amechoka, nasema.

Bi Nantongo anamtazama farasi, ambaye hajatoka hata jasho.
Ananitazama mimi.
Kazi yake ni hesabu; anaijua tarakimu iliyofichwa.
Hasemi kitu.
Taratibu, kama anayefungua kifungo cha shati la mtoto aliyelala,
analegeza hatamu yake naye,
na farasi wake anainama.

Jioni bibi ataniuliza, kama kawaida, majani yakoje.
Matamu bado, nitamjibu.
Atataka kujua nimejuaje, mimi nisiye na meno ya ng'ombe.
Nina shahidi, bibi.
Tatizo ni kwamba hana pembe.